Askari wa chini akikuonyesha dharau: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kwenye kambi moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, kuruta wa platuni yangu, kikosi kidogo cha vijana thelathini, alikaa chini. Wenzake wako kwenye mstari, majembe mabegani, ukungu umeshika mpaka mlingoti wa bendera hauonekani, na yeye amekaa kwenye nyasi zilizopigwa na sakitu. Nikamwambia simama. Hakusimama. Nikarudia kwa sauti iliyofika mpaka kombania ya pili, yaani kundi jingine la platuni kadhaa. Akaniangalia, akasema, "Afande, nipe adhabu yoyote, ila siendi."

Nilikuwa sajenti wa platuni, na vijana thelathini walikuwa wananitazama waone nitafanya nini. Maneno ya shtaka nilishaanza kuyapanga kichwani. Kilichonizuia ni koplo wa seksheni yake, kundi dogo ndani ya platuni: badala ya kumkaripia, aliangalia pembeni. Koplo asiyemkaripia kuruta wake aliyekaa chini kwenye mstari, huyo ana jambo analijua. Nikawaruhusu wengine waondoke na koplo mwingine, nikamwambia kijana avue buti. La kulia lilitoka kwa shida. Soksi ilikuwa imeshikana na kidole gumba kwa damu iliyokauka, na ukucha umekuwa mweusi, umeinuka kama kifuniko. Mguu wa namba kumi ulikuwa ndani ya buti la namba nane tangu wiki ya kwanza. Alimweleza koplo mara mbili. Koplo alikwenda stoo, akaambiwa hakuna, akanyamaza. Kwangu halikufika.

Sasa mtu angesimama kwenye kona ya uwanja angesema ameona utovu wa nidhamu, na asingekuwa amekosea. Kuruta alikataa amri mbele ya platuni. Lakini kama ningemwadhibu nikaishia hapo, buti lingebaki namba nane, koplo angeendelea kumeza taarifa, na wiki ijayo angekaa chini mwingine.

Naandika kwa ajili ya koplo aliyevishwa cheo juzi, sajenti mwenye platuni yake ya kwanza, na luteni usu anayeshuka kwenye basi akitokea chuo cha maafisa Monduli, hasa wanaopangiwa kulea vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huku kwetu, Mafinga, Itende, Mlale na kambi nyingine. Nilitumikia miaka mingi, nikastaafu, sasa nalima viazi upande wa Uyole. Vijana bado wananipigia simu: "Afande, kuna mtu ananidharau, nimfanyeje?" Huwa nawajibu kwa swali: umeona nini hasa? Dharau ni kama homa. Mtu ana homa ya malaria, mwingine ya jino, mwingine ya kidonda, na ukiwapa wote dawa moja utawapoteza wawili.

Kabla ya kumtazama yeye, ipime amri yako

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara, kwa sababu hapagharimu chochote na mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo.

Amri yako ilikuwa halali? Kanuni za nidhamu za jeshi letu zimebebwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na kosa linalotajwa humo ni kukaidi amri halali. Neno "halali" halikuwekwa kwa kupamba. Kumwambia askari asafishe silaha yake ni amri. Kumwambia akapalilie shamba lako la mahindi siku ya Jumamosi, au akamchotee maji mkeo, au akaoshe gari la shemeji yako, huko ni kumtumikisha mtu kwa kivuli cha cheo. Atakwenda, maana anaogopa. Atarudi amenyamaza. Halafu Jumatatu utamwona anapiga saluti ya mkono mlegevu, utashangaa dharau imetoka wapi, wakati ilianzia kwenye matuta yako.

Amri iliwezekana? Usimpe mtu dakika kumi kwa kazi ya nusu saa halafu umwite mkaidi.

Ilisikika? Kwa mtu aliyewahi kupanga gwaride huku hili si swali la kitoto. Upepo wa Makambako unabeba sauti yako na kuipeleka ulikotoka. Mtu wa mstari wa nyuma, masikio yameganda kwa baridi, anasikia nusu ya neno na kufanya nusu ya kitendo.

Je, kuna mwingine aliyetoa amri kabla yako? Sajenti wa zamu amesema wakakate kuni, wewe umekuja ukasema wafagie uwanja. Yoyote watakayofuata, mmoja wenu ataona amedharauliwa. Hapo malizaneni nyinyi wawili, pembeni, vijana wasisikie.

Na kuna deni. Hili nalitaja peke yake kwa sababu limeharibu viongozi wengi wazuri kuliko ulevi. Mshahara umekatika katikati ya mwezi, umeshaingia kwenye mkopo wa kausha damu mtaani, unamwita koplo wako: "Hebu niazime elfu ishirini, mwisho wa mwezi nakurudishia." Mwisho wa mwezi unapita. Koplo hawezi kukudai, wewe ni mkubwa wake. Anachoweza ni kuchelewa kuja kazini kidogo, akijua hutasema. Wenzake wanaona anachelewa na husemi. Ndani ya wiki mbili platuni nzima inachelewa, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Ukijikuta hapo, hakuna mbinu ya uongozi itakayokuokoa: lipa. Uza kuku, uza simu, lipa leo, mkabidhi mkononi mkiwa wawili na umwambie wazi kwamba ulikosea kumwomba. Kesho yake muulize kwa nini amechelewa.

Anaitikia "Ndiyo afande", lakini kazi haisogei

Hii ndiyo dalili inayowachanganya zaidi vijana wapya, kwa sababu haina neno la kuandika kwenye taarifa. Askari amepiga mguu, ameitikia, ameondoka. Saa mbili baadaye hakuna kilichofanyika, au kimefanyika kwa namna yake mwenyewe.

Kama ni kuruta au askari mpya, chanzo cha kwanza cha kuangalia ni kutojua. Jeshini mtu huogopa kusema sijui kuliko kuogopa kuchelewa. Mwambie akuonyeshe atakavyofanya. Akishindwa, umepata jibu, na dawa yake ni kumfundisha. Chanzo cha pili ni uchovu. Angalia orodha ya malindo ya usiku kabla hujafungua mdomo. Nimeshaona kijana aliyepangwa lindo siku tatu mfululizo kwa sababu tu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi, na mpangaji hakuwa akisoma zaidi ya mistari mitatu.

Kama ni sajenti au stafu sajenti mwenye mvi, na wewe ni luteni usu wa miaka ishirini na minne, jambo ni lingine kabisa, na nitalikalia kidogo.

Kwetu mtoto humwamkia mkubwa. Ukienda kijijini kwake huyo sajenti, Ilula au Tukuyu au popote, utamwambia "shikamoo" na atakuitikia "marahaba", na kama una adabu utampokea mzigo. Kambini yeye ndiye anayekupigia saluti na kukuita afande. Watu wazima wengi wanalibeba hilo bila shida, kwa sababu wanajua saluti inapigiwa cheo. Wanachoshindwa kubeba ni kurukwa.

Nilimwona luteni usu mmoja, kijana mwenye akili na moyo wa kazi, akiparangana na sajenti wake miezi miwili. Kila alichoagiza kilichelewa. Alishafika mahali pa kutaka kumfikisha kwa OC, mkuu wa kombania. Jioni moja, nyuma ya jiko, magogo yanawaka na sufuria la maharage linachemka, nilimkuta sajenti amekaa kwenye kigogo, nikamuuliza kwa nini anamwangusha bosi wake. Akachochea moto kwanza.

"Mimi simwangushi. Yeye anaingia kwenye hanga, anawapanga askari mwenyewe. Anawapa ruhusa mwenyewe. Juzi kampa ruhusa kijana niliyemnyima mimi asubuhi ile ile. Akishafanya yote hayo ananiita mimi kuniuliza kwa nini hayaendi. Sasa nikuulize wewe: mimi nimebaki wa kazi gani?"

Nilimpelekea luteni maneno hayo, nikiyapunguza ukali. Kwa sifa yake, hakununa. Kesho yake alimwita sajenti ofisini, akafunga mlango, akamwambia: "Afande, kuanzia leo platuni naiagiza kupitia kwako. Nikikosea, niambie tukiwa humu ndani. Tukiwa nje, simama na mimi." Mengine yalijipanga. Ndani ya mwezi sajenti yule alikuwa anafoka akimsikia askari anamsema vibaya "luteni wangu".

Kwa hiyo kwenye dalili hii, mkubwa wa cheo mwenye umri mdogo ajiulize: nampa huyu mzee kazi ya cheo chake, au nimemwachia kubeba lawama tu? Namuuliza maoni kabla ya kutoa amri, au baada ya mambo kuharibika? Na kuna jambo dogo lenye uzito: usimkosoe mbele ya askari wake. Hata kama ana kosa, hata kama una haraka. Mwite pembeni hatua ishirini.

Ukiwa umeyafanya hayo yote na bado anakwamisha kwa makusudi, sasa ni kosa, na ngazi ya vyeo ipo. Ila utakuta ni wachache sana.

Hakutazami usoni

Pengine hii si dharau hata kidogo. Kijana aliyelelewa vizuri Rungwe, Ludewa au Makete amefundishwa kwamba kumkodolea macho mtu mzima anayekusema ni ujeuri. Anainamisha kichwa kukuheshimu. Kwata, mazoezi ya gwaride, nayo inamtaka atazame mbele, kidevu juu. Kwa hiyo kuruta wa wiki ya pili anagombaniwa na adabu mbili. Mweleze kwamba jeshini adabu ni kutazama mbele, mpe siku chache, atabadilika. Anayekutazama moja kwa moja huku anatabasamu upande mmoja wa mdomo, huyo mtazame vizuri zaidi.

Minong'ono na vicheko mstarini

Umegeuka, nyuma yako pamesikika kicheko. Au watu wawili wanaongea kwa lugha ya kwao, wewe umetoka Tanga, huelewi, na unahisi unasemwa.

Lugha kwanza. Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, na una haki ya kuidai mstarini, kwenye lindo, kwenye redio na popote penye silaha. Hapo sababu ni usalama: amri lazima isikike na kueleweka na wote. Lakini jioni bwenini, vijana wawili wa Kyela wakisimuliana ya nyumbani kwa Kinyakyusa, waache. Nilishuhudia kiongozi akiwarusha kichura, kuruka wamechuchumaa kama chura, vijana wawili kwa kucheka kwa lugha asiyoijua, na kumbe mmoja alikuwa anacheka alivyoteleza kwenye tope akidhani hakuna aliyemwona. Baada ya adhabu ile ndipo walipoanza kweli kumsema.

Kicheko mstarini kina vyanzo vitatu ninavyovijua. Umevaa au umesema kitu cha kuchekesha. Jikague, rekebisha, endelea. Kuna mchekeshaji wa platuni, na huyu mara nyingi ni kijana mwenye uwezo ambaye hajapewa cha kufanya; mpe kazi yenye jukumu, mwache ahesabu wenzake, mwache aongoze mchakamchaka wa asubuhi aimbishe, na mdomo wake utapata pa kwenda. Au kuna kundi linalokupima, wanataka kujua mpaka wako uko wapi. Hao uwajibu siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kwa jina: "Fulani, toka mbele. Rudia nililosema." Akilirudia, arudi kwenye nafasi yake. Asipoliweza, mwambie tena na arudie mpaka aliweze. Huhitaji zaidi ya hapo.

Kuadhibu platuni nzima kwa sauti ya mtu mmoja, mimi siungi mkono, ingawa najua wengi wa rika langu walilelewa hivyo. Wale ishirini na tisa waliokuwa upande wako asubuhi wanahamia upande wa pili kabla ya chakula cha mchana. Pamoja na hayo, adhabu ya kukimbizana na kichura kwenye baridi ya alfajiri bila kipimo imeshaumiza magoti na vifua vya watoto wa watu, na ukimvunja kijana, shtaka litakuwa lako.

Siku hizi minong'ono imehamia kwenye simu. Kundi la WhatsApp la seksheni, picha yako imebandikwa na maneno ya kejeli, na mtu amekutumia. Usijibu kwenye kundi na usitafute kuingizwa humo. Tenganisha mawili: kejeli juu yako, na taarifa za kikosi zilizowekwa hadharani. La pili halisubiri, lipeleke kwa mkubwa wako siku hiyo hiyo, maana picha ya lango, ya silaha au ya orodha ya zamu ni suala la usalama. La kwanza linaweza kulala usiku mmoja. Asubuhi mwite mwenye kubandika, mkae wawili, umuulize kilichomkera. Mara nyingi kipo, na mara nyingine ni cha kweli.

Anakuita "dada"

Hii ni kwa viongozi wanawake, na kwa wanaume waliopo hapo wakisikia. Koplo mwanamke anatoa amri, askari anaitikia "sawa dada", au "sawa mama", kwa sauti tamu. Ukimuuliza atasema ni heshima. Mtaani ni heshima kweli. Kwenye mstari ni kumvua mtu cheo mbele ya watu.

Rekebisha palepale, mara ya kwanza, bila hasira: "Naitwa afande. Rudia." Ukiiacha mara tatu, ya nne itakuwa ngumu. Na ewe sajenti mwanaume uliyesimama pembeni ukatabasamu, wewe ndiye chanzo. Askari anamwangalia mkubwa aliye karibu ajue kama mchezo unaruhusiwa. Ukitoa neno moja tu, "Mwitikie afande vizuri", mchezo umeisha kambi nzima.

Ana harufu ya ulanzi

Masika huku ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na kijiji cha jirani kina kilabu. Askari aliyelewa akikutolea maneno, usibishane naye na usimdai maelezo usiku huo. Hakikisha hana silaha na haendi lindo, toa taarifa kwa afisa wa zamu, alale chini ya uangalizi. Kosa la ulevi na kosa la maneno yatashughulikiwa akiwa na akili zake. Kama wewe mwenyewe ulikuwa naye kilabuni jana yake, rudi kwenye sehemu ya kwanza.

Aliyekuwa mzuri amebadilika ghafla

Askari wa miaka mitano, hana doa, wiki hii anajibu kwa mkato, amemsukuma mwenzake, amekuacha ukiongea akaondoka. Hapa hata usifikirie adhabu kabla ya kuuliza nyumbani kukoje. Msiba ambao hakupewa ruhusa kwenda kuzika. Mke ameondoka na watoto. Mtoto amelazwa na hela hakuna. Wadai wamemfuata mpaka getini. Mwite mahali ambapo hamtaonekana, kaa, naye akae, vua kofia. Muulize swali moja halafu nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kwa sisi tuliozoea kufoka.

Usiahidi usichokuwa nacho. Unachoweza ni kumsemea apate ruhusa, kumfikisha zahanati ya kikosi, kumwita sheikh au padre wa jeshi au mchungaji, kumpunguzia lindo. Na kama maneno yake yanaonyesha amechoka kuishi, asibaki peke yake na asiguse silaha mpaka daktari amwone. Heshima yako itasubiri.

Amekataa waziwazi, mbele ya watu

Umeipima amri, ni halali, inawezekana, imesikika. Hana buti la namba nane. Amesema sifanyi.

Rudia amri mara moja, polepole, kwa jina lake na cheo chake, ili yeye na waliopo wajue kwamba hajaelewa vibaya. Muulize kama ameelewa. Mweleze kwamba kukataa ni kosa. Halafu acha. Usirudie mara ya tatu na ya nne, maana kila unaporudia unampandisha yeye.

Usimguse. Usimsogelee mpaka pumzi zikutane. Ukimpiga, kesi ya kukaidi amri inageuka kuwa kesi ya wewe kumpiga, na mashahidi ni wale wale thelathini. Akitaka kukupiga yeye, rudi nyuma hatua moja, waambie wasaidizi wamshike. Kumpiga mkubwa ni kosa lake peke yake, tena zito, halihitaji uongeze lako.

Kama ana silaha mkononi, mambo yote ya heshima yanaahirishwa. Shusha sauti. Waondoe watu taratibu. Tafuta anayemwamini, rafiki au koplo wake, ndiye aongee naye, na kazi ya kwanza ni mtutu utazame chini na risasi zitoke. Nani alimkosea nani mtaulizana baadaye.

Akishaondolewa, endelea na kazi iliyokuwepo. Platuni irudi kwenye majembe au kwenye kwata, kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo kabla. Wakati huo ndipo wanapokupima.

Kisha andika, siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Saa, mahali, amri kwa maneno yake, jibu lake kwa maneno yake. Usiandike "alinidharau", andika alisema nini. Usiandike "alikuwa na kiburi". Andika alikaa, aligeuka, aliondoka bila ruhusa, alitupa kofia chini. Majina ya waliokuwepo, pamoja na asiyekupenda, kwa sababu ushahidi wake ndio utakaoaminika. Peleka kwa mkubwa wako kwa ngazi. Kuanzia hapo jambo si lako. Kuna makosa yanayoishia kwa mkuu wa kikosi na kuna yanayokwenda mahakama ya kijeshi, na mwenye kuamua ni mwingine, naye askari atasikilizwa. Usimfuate usiku kumtisha wala kumbembeleza.

Platuni nzima imekunja uso

Hakuna aliyekataa. Wote wanatii, wote polepole, wimbo wa mchakamchaka hauitikiwi, chakula kinabaki kwenye masufuria. Hapa usitafute kiongozi wa njama kabla hujaonja hicho chakula.

Jeshi hili lenyewe lilizaliwa kutokana na somo la namna hiyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanawaongoza baada ya uhuru. Kosa lile silitetei kwa neno hata moja. Serikali ililazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kulizima, na hiyo ilikuwa aibu kwa nchi iliyotoka kujitawala. Lakini nchi haikuishia kwenye adhabu. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, Mkuu wa Majeshi wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya. Kambi ya Colito ikaja kuitwa Lugalo, jina lililotoka huku kwetu Iringa, pale Wahehe wa Mkwawa walipokisambaratisha kikosi cha Wajerumani cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kila ninapopita pale mnara ulipo, kando ya barabara kuu, nawaza kwamba waliotoa jina lile walitaka askari ajione wa nani.

Kwa hiyo platuni ikinuna, zungukia mambo manne: chakula, posho, ruhusa na usingizi. Ingia kwenye foleni ya mesi, chukua sahani kama wao, kula walichokula. Lala usiku mmoja kwenye hanga lao uone madirisha yasiyofunga na blanketi moja la mwezi wa saba. Kisha waite kwa seksheni, seksheni moja moja, kwa sababu thelathini pamoja hawatasema. Andika wanayosema mbele yao, waone kalamu inatembea. Yaliyo ndani ya uwezo wako yafanye kabla ya wiki kuisha. Yaliyo juu yako yapeleke, na urudi kuwaambia ulipofikia, hata kama jibu ni bado.

Adhabu imeisha, amerudi, haongei

Anafanya kila kitu kwa usahihi na hakupi neno zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Hii nayo wengine wanaiita dharau. Ni aibu, au ni uchungu. Ukimwacha hivyo mwezi mzima utagandamana kama ile soksi.

Siku anayorudi mstarini, usimkumbushe. Usimtaje kwa mfano ukiwafundisha wengine. Mpe kazi ya kweli siku ya kwanza, kazi ambayo ikiharibika mtaumia wote, asikie kwamba umemkabidhi. Yule kuruta wangu wa buti hakuandikiwa shtaka. Buti la namba kumi tulilipata kwa kubadilishana na kombania nyingine, na koplo wake nilimsema, mlango umefungwa, mpaka akaelewa. Kidonda kilipopona nilimpa kazi ya kukagua buti za seksheni yake kila Jumamosi asubuhi na kuniletea namba zisizolingana kwenye karatasi. Karatasi ya kwanza ilikuwa na majina sita.